Nimewaongezea mshahara, mbona mafundi wangu hawana moyo wa kazi?

Swali

Shikamoo. Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Morogoro, mafundi 14 pamoja na mdogo wangu anayewasimamia. Mwaka jana nilibadili utaratibu: badala ya kila fundi kushona nguo nzima, tulipanga laini, huyu kola, huyu mikono, yule matundu ya vifungo, ili kazi iende haraka. Mwanzoni ilienda. Januari nikamwongezea kila mmoja shilingi 30,000 kwa mwezi, nikaweka chai na chapati ya saa nne, na bonasi ya mwisho wa msimu. Furaha ilidumu kama miezi miwili. Sasa wanachelewa mpaka nimeanza kumkata 2,000 kila anayechelewa, shule zinarudisha nguo kuliko zamani, na fundi wangu bora, niliyekaa naye miaka sita, ameondoka kwenda kwa mwenzangu kwa mshahara uleule. Kuna anayenishauri niwalipe kwa idadi ya nguo. Nifanye nini? Na huyo aliyeondoka amenitumia salamu za Idi. Nimwite arudi?

Jibu

Marahaba, dada yangu, na pole kwa msimu mgumu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeeleza mshahara, chai na bonasi, lakini lililonishika ni lile ulilolitaja kwa kupita tu: kwamba mwaka jana uliwatoa mafundi kwenye kushona nguo nzima ukawapanga laini. Nimefanya kazi ya utumishi miaka 26, viwandani na maofisini, na naamini ugonjwa wako ulianzia hapo. Mshahara na chapati vilikuja baadaye kama dawa ya maumivu. Maumivu yakatulia miezi miwili, kisha yakarudi, kwa sababu kinachouma hakijaguswa.

Kabla sijafika huko tumalize habari ya fedha, maana sitaki mtu asome hapa akaondoka na neno kwamba mfanyakazi hahitaji kulipwa vizuri. Nimewasikia mabosi wakisema watu wa leo wanapenda hela tu, na wengine wakisema hela siyo kila kitu. Mara nyingi wote wawili wanatafuta sababu ya kutolipa. Fundi aliyepanga chumba, mwenye mtoto wa chekechea na mama anayemtegemea kijijini, hawezi kuipenda kazi ambayo mshahara wake haujulikani utatoka tarehe ngapi. Kwa hiyo jikague kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi hapo ni za makubaliano, zisipite 50 katika wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Chukua daftari la Desemba na Januari, ile miezi ambayo wazazi wote wanataka sare kwa wakati mmoja, uhesabu saa ambazo mafundi wako walikaa kwenye cherehani. Kama walikuwa wanatoka saa tatu usiku na wewe ukawapa nauli tu, basi ile 30,000 haikuwa nyongeza. Ulikuwa unalipa deni, na wao wanajua hata kama hakuna aliyekwambia.

Tuseme hayo yako sawa. Bado kuna fumbo: kwa nini nyongeza iliyotoka kwa nia njema iliisha nguvu mapema hivyo? Mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha mwaka 1959 utafiti waliowahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Hawakuwauliza wanataka nini. Waliwaomba wasimulie ni lini waliifurahia kazi kupita kawaida, na ni lini waliichukia. Waliposimulia chuki walitaja sera za kampuni, wasimamizi, mshahara, mazingira ya kazi. Waliposimulia furaha walitaja kazi waliyoikamilisha, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana, kupanda. Herzberg akahitimisha kwamba mshahara mbovu humkasirisha mtu, lakini mshahara mzuri ukishazoeleka huishia kutomkasirisha tu. Wapo wataalamu waliompinga, na hoja yao ina uzito: mtu akiulizwa, mazuri hujipa mwenyewe, mabaya huibebesha kampuni. Hata hivyo, kwa niliyoyaona kwa macho yangu, hakuna kitu kinachozoeleka haraka kazini kama nyongeza ya mshahara. Mwezi wa kwanza ni zawadi, wa pili ni mshahara, wa tatu haitoshi.

Na fedha ikitumika kufunika kazi iliyopoteza ladha, huhitajika nyingi mno. Mwaka 1913 kiwanda cha Henry Ford cha Highland Park, pale Detroit, kilianza kuunganisha magari kwa laini inayotembea, kila mtu na kipande chake kidogo. Magari yalitoka haraka ajabu. Watu nao walitoka: mwaka huo Ford aliajiri zaidi ya watu 50,000 ili tu nafasi takriban 14,000 zisibaki wazi. Januari 1914 akatangaza dola tano kwa siku kwa waliotimiza masharti yake, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha awali, na saa za kazi akazishusha kutoka tisa hadi nane. Watu wakabaki. Lakini angalia ilibidi alipe kiasi gani ili wabaki. Wewe uliongeza 30,000. Fedha za Ford huna, na bei ya sare haitakuruhusu kuzipata, kwa hiyo kazi yenyewe haina budi kuwa ya kumbakiza mtu.

Sasa fikiria laini ilimwondolea nini yule fundi wako wa miaka sita. Zamani ulimpa kitambaa kilichokatwa, naye akakurudishia shati. Alianza na mabega, akaja mikono, kola, upindo, mwisho akalitundika shati lake akalitazama. Ujuzi wote aliojifunza kwa miaka ulikuwa na kazi. Alijua aanze na kipi, apumzike saa ngapi. Kola ikipinda aliiona mwenyewe alipofika kwenye kifungo cha juu, akafumua akarudia kabla hujajua. Leo anashona kola 200, zinaondoka mezani kwake zikiwa rundo, hajui zimekuwa mashati ya nani wala zimekaaje shingoni.

Katika miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Richard Hackman na Greg Oldham, walitaja mambo matano yanayoifanya kazi imguse anayeifanya: itumie ujuzi wa aina mbalimbali, iwe na mwanzo na mwisho unaoonekana, iwe na maana kwa mtu mwingine, imwachie nafasi ya kuamua, na imwoneshe yeye mwenyewe kama amefanya vizuri. Pima kazi ya kola kwa mizani hiyo. Fundi wako alipungukiwa na yote matano kwa siku moja, siku ile ulipohamisha vyerehani.

Zile nguo zinazorudishwa nazo zinatoka hapohapo. Wewe unaona uzembe. Lakini kwenye laini kosa halina mwenyewe: kola imepinda, aliyeishona anasema mkataji alikata vibaya, wa mikono anasema aliipokea hivyohivyo, wa pasi anasema yeye ni wa pasi tu. Na kila mmoja anaweza kuwa anasema kweli. Ukigomba utakuwa umewagombeza watu 14, na hakuna hata mmoja atakayeona linamhusu.

Wala sikwambii uivunje laini kesho asubuhi. Ukifanya hivyo utakuwa umelirudia kosa lililo kubwa kuliko laini yenyewe, nalo ni kuwapangia watu kazi yao bila kuwauliza. Hapa nitakusimulia utafiti mmoja kwa kirefu, kwa kuwa ulifanyika kwa watu wa kazi yako.

Huko Marion, jimbo la Virginia, kulikuwa na kiwanda cha kampuni ya Harwood kilichoshona pajama. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wanawake, na walilipwa kwa idadi. Kila walipobadilishiwa kazi, hata kwa badiliko dogo, uzalishaji ulianguka na kuchukua muda mrefu kurudi, manung'uniko yakazidi, wengine wakaacha kazi. Maelezo ya haraka yangekuwa kwamba mikono ilikuwa inajifunza upya. Lester Coch na John French, waliochapisha matokeo yao mwaka 1948, walishuku kuwa tatizo halikuwa mikono, ni moyo.

Wakachukua makundi. Kundi moja lilikuwa la wapiga pasi 18 waliozoea kupanga nguo nusu dazeni juu ya kipande cha kadibodi. Sasa wangezipanga nusu dazeni ileile ndani ya boksi. Badiliko ni hilo tu. Waliitwa kikaoni, wakaelezwa kwamba ushindani umelazimisha, wakatajiwa kiwango kipya, wakajibiwa maswali yao, wakarudi kazini. Nadhani hata wewe ulifanya hivyo, na pengine ulifanya vizuri. Uzalishaji wao ulianguka na haukuinuka. Wakaanza kumpinga msimamizi, na katika siku 40 za kwanza asilimia 17 yao walikuwa wameacha kazi.

Makundi mengine yalishirikishwa. Kundi mojawapo lilioneshwa nguo mbili zinazofanana, moja ya bei maradufu ya mwenzake, likaambiwa liitambue ya rahisi. Hakuna aliyeweza. Hapo tatizo la gharama likawa la wote waliomo chumbani. Katika makundi mawili madogo ya wakaguzi wa nguo, kila mtu alishiriki kupanga kazi mpya ifanywe vipi, nini kipunguzwe, kiwango kiwe kipi. Makundi hayo mawili yalirudi kwenye kiwango chao cha zamani upesi sana, kisha yakakipita kwa takriban asilimia 14. Katika siku 40 hakuna aliyeacha.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Baada ya miezi miwili na nusu hivi, waliobaki wa lile kundi la kwanza, walewale waliokuwa wakaidi, walipewa kazi nyingine mpya, safari hii wakashirikishwa wote. Wakapanda upesi kama wenzao. Ukaidi haukuwa tabia yao. Ulitokana na namna walivyofanyiwa.

Kwa hiyo tafuta Jumamosi isiyo na oda nyingi, funga kazi saa saba mchana, uwaweke watu wote pamoja, hata kijana wa kufunga mizigo. Weka mezani nguo zote zilizorudishwa mwezi uliopita, orodha ya oda na tarehe zake, na hesabu ya gharama ya shati moja kuanzia kitambaa mpaka umeme. Hiyo hesabu inawaogopesha wenye biashara wengi, wanadhani fundi akiijua faida atadai zaidi. Mimi nimeona kinyume chake: fundi asiyeijua hesabu huamini unapata mara tatu ya unachopata.

Sema wazi kwamba laini uliileta bila kuwauliza na kwamba hapo ulikosea. Halafu uliza: tukitaka shati lisirudi na oda isichelewe, kazi tuipangeje? Ukishauliza, nyamaza. Kimya cha kwanza kitakuwa kirefu na utatamani kukijaza. Usikijaze. Atakayevunja kimya hicho ndiye mtu wa kumsikiliza kwa makini, hata akianza na lawama.

Kama ningekuwa fundi wako ningependekeza meza za watu wanne wanne au watano, kila meza ibebe oda ya shule moja toka kukata mpaka kufunga, wenyewe wagawane nani kola nani mikono na wabadilishane wakichoka. Kasi ya kugawana kazi hamtaipoteza yote, na shati litakuwa na wenyewe. Lebo ndogo yenye alama ya meza ishonwe ndani, shati likirudi liende kwa walioshona, si kwako. Lakini hilo ni langu. Wao wanaweza kuja na jingine, na likiwa na akili ndani yake lijaribuni kwa shule mbili kabla ya msimu. Yaliyo yako yabaki yako, na uyataje mwanzoni: bei, tarehe ya kukabidhi, kiwango cha ubora. Kumuuliza mtu jambo ambalo umeshaliamua ni kumdhihaki, na atagundua kabla jua halijazama.

Sasa hilo la kulipa kwa idadi. Anayekushauri hajakosea kabisa. Mwanauchumi Edward Lazear alifuatilia kampuni ya Safelite ya Marekani, inayobadilisha vioo vya magari, ilipohama katikati ya miaka ya 1990 kutoka malipo ya saa kwenda malipo ya idadi. Kazi ya kila mfanyakazi ilipanda kwa wastani wa asilimia 44, karibu nusu yake kwa kuwa watu walewale walijituma zaidi, na iliyobaki kwa kuwa wenye kasi walivutwa na kubaki. Lakini kioo ni kitu cha kuhesabika, kikifungwa vibaya huonekana, na aliyekifunga alijulikana na kurudia bila malipo. Kwenye laini yako ya sasa hujui kola ni ya nani. Ukilipa kwa idadi leo utapata kola nyingi zilizopinda, na mkataji na mtu wa matundu watagombana kutwa nzima kwa kucheleweshana. Mkishakuwa na meza zenye shule zao, mnaweza kufikiria nyongeza kwa meza, kwa mashati yaliyopokelewa na shule bila kurudi. Mshahara wa msingi usiguse.

Faini ya kuchelewa iondoe wiki hii. Kwanza, sheria yetu haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara apendavyo, na siku fundi mmoja akifika kwa afisa kazi utajikuta pabaya. Pili, haifanyi kazi unayoitaka. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli, na matokeo wakayachapisha mwaka 2000. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, na katika vituo sita faini ikaanzishwa. Waliochelewa wakaongezeka karibu maradufu. Faini ilipoondolewa, hawakurudi kama zamani. Kabla ya faini mzazi aliona haya kumwangalia mwalimu aliyemkalisha. Baada ya faini alikuwa ananunua muda. Fundi wako naye alikuwa akichelewa anaingia akikwepa macho yako. Sasa anaingia wima, kwa sababu amelipia. Afadhali umwite pembeni umuulize kuna nini nyumbani, au pikipiki ya usafiri imepanda bei, au mtoto anaachwa na nani. Mtu akiulizwa hivyo mara mbili na bado akachelewa, hapo una haki ya kumwandikia onyo.

Kuna jambo moja la bei rahisi ambalo biashara yako inalo na wengi hawana: anayevaa kazi ya mikono yenu anaishi mtaa wa pili. Mwaka 2007 Adam Grant na wenzake walichapisha jaribio lao kwa watu waliokuwa wakipiga simu kuomba michango ya chuo kikuu kimoja cha Marekani, kazi ya kukataliwa kutwa nzima. Baadhi yao walikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyekuwa anasoma kwa ufadhili uliotokana na michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye muda wao wa kuwa kwenye simu ulikuwa umezidi maradufu, na fedha walizoleta vivyo hivyo. Hawakuongezewa hata senti. Waliuona uso wa mtu. Shule zikifunguliwa, ikiwezekana siku ya kukabidhi oda, wapeleke watu wawili kutoka kila meza, si wewe na dereva peke yenu. Wamwone mtoto wa darasa la kwanza amevaa shati linalonuka upya, mikono imempita vidole kwa sababu mama amenunua la kukulia. Mwalimu akilalamika kwamba vifungo vinakatika, walisikie kwa masikio yao. Neno hilo likitoka kwa mwalimu lina nguvu kuliko likitoka kwako.

Na ukiwa unasifu, sifu kitu. "Hongereni, mmejitahidi" haimfikii mtu yeyote. Niliwahi kufanya kazi mahali nikawa katibu wa kamati ya kumchagua mfanyakazi hodari wa Mei Mosi. Chanda chema huvikwa pete, lakini sisi tulikuwa tunavika kwa zamu, idara kwa idara, ili pasiwe na manung'uniko. Mwaka mmoja kulikuwa na mama wa stoo aliyegundua kwamba mzigo unaopokelewa ulikuwa unapungua kila mara, akaandika kwenye daftari lake miezi minne bila kumwambia mtu, mpaka akatuletea ushahidi mkononi. Idara yake ilikuwa imepata mwaka uliotangulia. Hundi na cheti vikaenda kwa mwingine, ambaye hata yeye alishangaa. Yule mama alipiga makofi kama wengine. Siku iliyofuata alikuja mezani kwangu, akauliza kwa upole kama kile alichokifanya tulikiona. Nilimwambia tulikiona. Akasema, "Sawa, nilitaka kujua tu," akarudi stoo. Aliendelea kufika kazini kwa wakati mpaka alipostaafu, ila daftari lile sikuliona tena. Mpaka leo likinijia nakosa amani, kwa sababu dakika mbili za kumtaja mbele ya watu zingetosha.

Lipo jingine gumu kidogo, unisamehe nikiligusa: mdogo wako. Hukuandika neno baya juu yake na mimi simfahamu. Lakini ndugu wa mwenye mali akiwa msimamizi, kila kitu chake kinahesabiwa na mafundi kuanzia saa anayoingia. Kama yeye hakatwi 2,000 akichelewa, umeshapoteza haki ya kuwakata wengine. Kama hajui kushona, asimkosoe fundi namna ya kushona. Mtafutie sehemu ambayo anaweza kweli, labda kufuatilia oda na malipo ya shule, kazi ambayo naamini inakula muda wako mwingi. Mshahara wake upangwe kama wa mtu mwingine yeyote, na ukitaka kumsaidia kama dada, msaidie nyumbani kwa fedha yako, isitoke kwenye karakana.

Na fundi akifiwa, nenda. Usitume rambirambi kwa simu ukadhani imetosha. Kaa kwenye mkeka dakika 20. Sijasoma utafiti wowote wa Ulaya au Marekani unaolipima hilo, lakini katika miaka yangu yote, watu walioniambia "yule bosi siwezi kumwacha" karibu wote waliniambia habari ya msiba au ya mtoto aliyelazwa, hawakunitajia mshahara.

Sasa aliyekutumia salamu za Idi. Mtu aliyeondoka na kinyongo hatumi salamu. Mpigie, mjibu salamu, mshukuru kwa miaka sita, na usimwambie arudi. Muulize tu ni lini hasa alianza kufikiria kuondoka. Siku ya kuaga watu husema wamepata nafasi nzuri zaidi. Miezi ikipita husema yaliyokuwa moyoni. Atakachokwambia kiandike, ukiende nacho kwenye kile kikao cha Jumamosi bila kumtaja jina.

Akionesha mwenyewe kwamba anatamani kurudi, wajulishe wenzake kabla hajakanyaga mlangoni, na umlipe kama fundi mwingine wa ngazi yake, usimpandishie dau. Waliobaki wamevumilia msimu mzima, wasije wakajiona wajinga kwa kubaki. Tena arudi baada ya kikao, mkishaamua pamoja kazi itapangwaje. Akirudi kabla ya hapo atakuta rundo la kola linamsubiri kwenye cherehani ileile aliyoikimbia.